Nambari ya Kengele

ALHAMISI, SAA NANE MCHANA

Chumba cha nyuma cha duka la magodoro hakina dirisha. Kina feni inayolalamika, taa moja, na magodoro yaliyovikwa nailoni hadi darini. Ukikaa, nailoni inapiga kelele. Ukijigeuza, inapiga kelele tena. Wanaume wanne walikuwa wamekaa humo wakipanga wizi wa kimyakimya, na kila aliyetikisika kidogo alijitangaza kwa makalio yake.

"Tulieni basi, ala!" alisema Shemeji.

Shemeji ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Jina lilitoka kwa Miwani, kwa kuwa dada yake Miwani ndiye mke wa huyo bwana. Wenzao wakalidaka, likamganda. Mtu wa kucheka kwa sauti, mtu wa kukushika bega. Hakuwahi kudakwa hata siku moja. Waliofanya kazi naye, karibu wote, walishadakwa. Miwani alilijua hilo vizuri, na bado alikuwa amekaa pale juu ya godoro.

"Miwani, waeleze. Lakini kwa lugha ya watu, usituletee ya mashine."

Miwani alifuta vioo vyake kwa pindo la shati. "Chumba cha amana kiko chini ya jengo. Kina milango miwili, wa nje na wa ndani. Katikati kuna kibanda cha kusimama mtu mmoja. Hakuna ufunguo. Unaweka kadi, mlango unaiuliza databesi, daftari kuu la kompyuta, huyu ana ruhusa? Ikijibu anayo, unafunguka."

"Na wewe utaiambia tunayo," alisema Breki. Huyu alikuwa dereva wao. Waliomwita Breki walimwita hivyo kwa sababu hakuwa na habari nazo.

"Kuongeza kadi ni mstari mmoja tu. Shida ni kengele. Ukigusa jedwali la kadi, hata herufi moja, inatuma meseji kwa Bimkubwa. Ukiizima kwa njia ya kawaida, inatuma meseji kwamba imezimwa."

"Bimkubwa ndiye nani?" Breki aliuliza.

"Aliyemfukuza kaka," alidakia Kitinda, huku akicheka. Kitinda alikuwa mdogo wake Miwani, wa mwisho kuzaliwa kwa mama yao, ingawa sasa alikuwa jitu zima, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa makovu ya cheche.

Miwani hakucheka. Miaka miwili nyuma alikuwa mtu wa databesi katika kampuni hiyo hiyo, kampuni inayowatunzia watu vitu vya thamani. Siku moja mfumo ulikwama, wakubwa wanapiga kelele, naye akaingia kwenye majedwali ya ndani kwa mkono wake na kubadilisha kitu kimoja. Mfumo ukaamka. Watu wakampigia makofi. Jioni Bimkubwa, mkuu wake wa kazi, akamwita ofisini, akamwambia akabidhi kadi. Imefanya kazi! Miwani alipiga kelele. Bimkubwa akamjibu, mimi mwenyewe huko ndani naingia kwa kubisha hodi, wewe umepiga teke mlango. Tangu siku hiyo hakupata kazi ya maana, na maneno yale yalikuwa bado yanamkereketa.

"Kwa hiyo unapitaje?" aliuliza Shemeji.

"Napita chini kwa chini. Kila databesi ina majedwali yake ya ndani. Siyo ya wateja, siyo ya kadi. Ni ya kujijua yenyewe. Humo imeandika ina majedwali gani, yamelala wapi kwenye diski, yana kengele gani. Na kila kitu kina nambari yake. Nikifuta mistari yenye nambari ya kengele, kengele haizimwi. Inakuwa haikuwahi kuwepo. Sasa nani atatuma meseji?"

"Tamu hiyo!"

"Siyo tamu, shemeji. Mtu akisahau jina la jirani yake, ataliuliza. Akisahau kwamba ana mkono, unaning'inia tu pale begani, atafanyaje? Ukikosea humo hakuna wa kukuuliza una uhakika. Inafuta tu."

"Basi usikosee," Shemeji alisema, akamshika bega.

Mpango ulikuwa hivi. Jumamosi kampuni hufungwa adhuhuri, hubaki mlinzi mmoja getini. Wanaingia na ovaroli za mafundi wa viyoyozi. Mlinzi anafungwa chooni, hapigwi. Miwani anaingia chumba cha seva, ilipo mashine yenye databesi. Shemeji anashuka chini na kadi, anang'oa kasha la sonara mmoja lililojaa vito. Miwani akaongeza jambo lake mwenyewe, na aliona fahari kulisema. "Breki, mkiwa mnatoka, ng'oeni kompyuta ya getini. Picha zote za kamera zinakaa humo."

"Kichwa hicho!" alisema Breki.

"Na Kitinda anabaki kwenye gari," Miwani alimaliza. "La sivyo mimi simo."

"Kaka, jamani, mimi siyo mtoto."

"Nimesema."

Mama yao alipokuwa anakata roho hakuwa na nguvu ya kusema mengi. Alichukua mkono wa Kitinda, akauweka juu ya mkono wa Miwani, akaubana. Ndiyo urithi wote alioupata Miwani, na hakuna siku iliyopita bila kuukumbuka.

"Anabaki kwenye gari," alisema Shemeji. "Shemeji yangu, mimi nimeshawahi kukudanganya?"

Wakati wanatoka alimvuta Miwani pembeni, nyuma ya magodoro ya watoto. "Hicho kitu chako kiweke kwenye flashi. Kiwe cha kubofya tu. Hata mimi niweze, huwezi kujua."

Miwani alisema sawa. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba, hata mimi niweze.

IJUMAA, SAA KUMI ALASIRI

Nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga, alikaa na kompyuta mapajani. Alikuwa na nakala ya databesi nzima, aliyoitoa siku anafukuzwa kwa hasira tu. Juu ya nakala hiyo alishafanya mazoezi hadi vidole vikazoea. Programu yake ilikuwa fupi. Kwanza inauliza mfumo: kengele ya jedwali la kadi ina nambari gani? Ikishajibiwa, inafuta kila mstari wa ndani wenye nambari hiyo. Safi. Ndivyo Bimkubwa alivyomfundisha zamani, usibebe nambari kichwani, iulize nambari pale pale ulipo.

Akaiangalia. Kitu cha kubofya. Shemeji akishakuwa nacho, Miwani wa nini tena? Si atamwacha barabarani, au atamwacha mahali pabaya zaidi ya barabarani?

Basi akafuta ule mstari wa kuuliza. Mahali pake akaweka kidirisha kimoja tu: *Weka nambari*. Nambari aliijua yeye peke yake. Kwenye nakala yake ilikuwa 16412, na alikuwa ameiona mara nyingi kuliko sura yake kwenye kioo. Sasa hata Shemeji akiiba flashi, akibofya hadi kidole kiote sugu, hataenda popote. Miwani alijisifu, akalala usingizi mzuri.

JUMAMOSI, SAA SABA MCHANA

Jua kali. Mtaa wa maofisi umekauka watu. Mlinzi alifungua geti kwa heshima zote, akasema karibuni mafundi, hiki kiyoyozi cha juu kinatutesa. Sekunde chache baadaye alikuwa chooni, mdomo umefungwa kitambaa, macho yamemtoka. Miwani alimwangalia, akaona haya. Walikuwa wakisalimiana zamani, kila asubuhi.

Kugeuka, ndipo akamwona Kitinda. Ovaroli mwilini, mfuko wa vifaa begani.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Mkono wangu umeteguka jana," alisema Shemeji, akiuonyesha mkono ambao haukuwa na kitu. "Kasha limefungwa kwa bolti ukutani. Nani ataling'oa? Wewe na vidole vyako hivyo?"

"Tulikubaliana!"

"Piga kelele zaidi, majirani wasikie."

"Kaka, dakika mbili tu," alisema Kitinda. "Bolti nne. Nikitoka, ofa ya soda juu yako."

Miwani alimtazama Shemeji usoni, na hapo akajua kwa nini. Kitinda hakupelekwa chini kwa ajili ya bolti. Alipelekwa ili Miwani, akiwa peke yake juu kwenye vitufe, asije akapata wazo lolote la ujanja. Mdogo wake akiwa nyuma ya mlango, Miwani hatacheza na mlango huo. Angegeuka aondoke wakati ule, yote yangeishia hapo. Hakugeuka.

Chumba cha seva kilikuwa baridi. Miwani aliingia, akasimama.

Mashine haikuwa ile. Ya zamani ilikuwa kubwa, nyeusi, na kona yake ilibonyea alipoigonga na kiti mwaka wake wa kwanza. Hii ilikuwa nyembamba, mpya, hata vumbi haina. Walikuwa wamehama.

Ukihamisha databesi kwenda mashine mpya, majedwali yanakwenda, kadi zinakwenda, kengele zinakwenda. Nambari za ndani zinaweza zisiende. Mashine mpya huzigawa upya, kwa mpangilio wake. Au labda walihamisha diski nzima kama ilivyo, na nambari ni zile zile? Hakujua. Kulijua hilo kulikuwa swali la mstari mmoja. Mstari ule ule alioufuta jana.

Akaingia kwa akaunti ya nakala za akiba. Paswedi yake hawakuwa wameibadilisha, ajabu ya Mungu. Akaanza kuandika lile swali kwa mkono, vidole vinateleza. Likakosea. Akaanza tena.

Simu ya ukutani ikalia. Shemeji, kutoka chini.

"Vipi?"

"Subiri kidogo. Mashine imebadilishwa, naangalia nambari kwanza."

"Nambari si ulisema unaijua?"

"Naijua, lakini..."

"Miwani. Mdogo wako amesimama hapa mlangoni na mfuko wa vifaa. Akija mtu, wa kwanza kuonekana ni yeye. Unaijua au huijui?"

Na humo, katikati ya hofu, kikainuka kile kiburi cha zamani. Ile mara ya kwanza si ilifanya kazi? Si walimpigia makofi?

"Naijua," alisema.

Akachomeka flashi. *Weka nambari.* 16412. Akabonyeza.

Mfumo ulijibu kwamba mistari imefutwa. Haukulalamika. Akaongeza kadi, akasubiri, akili imesimama. Simu ikalia tena, Shemeji anacheka. "Umefunguka! Mwanaume! Tunaingia."

Miwani alikaa kwenye kiti. Akacheka peke yake. Ilikuwa imefanya kazi tena.

Kisha simu ya mezani, ile ya kutoka nje, ikaanza kulia. Iliita, ikakata, ikaita tena. Kwenye kioo chake kidogo ikaonekana nambari ambayo Miwani hakuwa ameisahau. Bimkubwa.

Kama Bimkubwa anapiga, amepata meseji. Kama amepata meseji, kengele ipo hai. Kama kengele ipo hai, sasa yeye amefuta nini?

Aliandika swali, safari hii bila kukosea. 16412 ni nini? Mfumo ukajibu hakuna. Akatazama orodha ya majedwali iliyobaki, akayapitia kwa kidole. Kadi, lipo. Wateja, lipo. Makasha, lipo. Jedwali la ruhusa, lile milango inalolisoma kuamua nani afunguliwe, halipo; kwenye mashine mpya 16412 ilikuwa nambari yake. Data yake ilikuwa bado imelala kwenye diski, nzima, haijaguswa hata nukta. Ila databesi haikujua tena kwamba inayo.

Na milango ilifungukaje? Alijua, Mungu wangu, alijua. Kilichounganishwa na databesi kabla hajafuta kilikuwa bado na picha ya zamani kichwani. Milango ilikuwa inakumbuka tu. Lakini milango hujiunganisha upya kila baada ya muda mfupi, na ikijiunganisha itauliza, na itajibiwa hakuna kitu kama hicho. Mlango ukipata shaka, unajifunga. Na chini kule ukijifunga, hewa nayo inafungwa, ndivyo walivyoujenga, ili moto usipate pa kupumulia.

Alirukia simu ya ukutani. Ikaita ndani ya chumba cha amana. Shemeji akapokea.

"Shemeji, nisikilize. Milango inajifunga sasa hivi. Kibanda kinachukua mtu mmoja mmoja. Mtoe Kitinda kwanza. Acha kasha, mtoe Kitinda. Nakuomba, nakuomba sana."

"Sawa," alisema Shemeji.

Miwani alisikiliza simu iliyoachwa inaning'inia. Alisikia hatua. Alisikia mlango wa ndani ukifunguka na kujifunga. Alisikia sauti ya Kitinda, kwa mbali, "Shemeji, mbona..." Kisha akasikia mlio mmoja mzito wa chuma, halafu ile mashine ya hewa, ambayo mtu huwa haisikii mpaka inyamaze, ikanyamaza.

SAA NANE MCHANA

Shemeji alipanda ngazi na kasha kifuani, jasho linamtiririka. Peke yake.

"Umemwacha," alisema Miwani.

"Mlango umefunga nyuma yangu. Ningefanyaje?"

"Nilikwambia yeye kwanza!"

"Huna unachoweza kufanya hapa. Twende." Alimtazama, akaona hatikisiki. Ile sura ya kucheka ikaondoka, ikabaki nyingine. "Haya, baki. Lakini ujue hivi. Ukinitaja, umemvunjia dada yako nyumba. Na ukimwambia mdogo wake amefungiwa, mwambie na aliyemfungia. Siyo mimi niliyebonyeza."

Akaondoka. Miwani angemrukia, angemkaba, lakini maneno yale yalikuwa ya kweli, yakamgandisha pale pale.

Simu ya mezani ikaita tena. Safari hii akaipokea, na kilichotoka mdomoni mwake hakukipanga.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba," alisema Bimkubwa. "Miwani. Umegusa nini?"

Akamwambia. Yote. Nambari, flashi, jedwali la ruhusa, mdogo wake. Alilia huku anasema, na Bimkubwa hakumkatiza hata mara moja. Miwani alisikia tu mlango wa gari ukifungwa na injini ikiwashwa.

"Usiguse kitu," alisema. "Umenielewa? Usijaribu kurudisha ile mistari kwa mkono, utaua na kilichobaki. Nakala ya akiba iko jengo jingine. Kuirudisha ni kazi ya mpaka jioni."

"Hewa haifiki jioni, Bimkubwa."

"Najua. Nyamaza nifikiri." Akafikiri. Honi zikasikika. "Kompyuta ya getini! Ile haizimwi. Imeunganishwa tangu asubuhi na haijiungi upya mpaka uizime. Hiyo bado inakumbuka jedwali. Nikikaa pale, naufungua ule mlango kwa mkono. Niko karibu. Nenda kaikalie, mtu asiiguse. Miwani? Umenisikia?"

Alikuwa ameshaangusha simu.

Alikimbia korido nzima, akateleza, miwani ikaruka, akaiacha. Alitoka kwenye jua. Gari halikuwepo. Geti lilikuwa wazi. Aliingia kibanda cha mlinzi na kuona meza, kikombe cha chai, redio ndogo. Nyaya tatu zilikuwa zinaning'inia ukutani na mahali pa kompyuta palikuwa na alama ya mraba, safi, isiyo na vumbi.

Breki alikuwa amefuata mpango. Breki, ambaye hajawahi kufuata kitu maishani mwake, siku hiyo alifuata.

SAA NANE NA NUSU MCHANA

Miwani alikwenda kumfungua mlinzi chooni. Mlinzi alitaka kumpiga, akamwona sura yake, akashusha mkono. "Waite zimamoto," Miwani alimwambia. "Waite polisi. Waite kila mtu."

Kisha akashuka chini, akakaa sakafuni, akainua simu ya mlangoni.

"Kaka?"

"Nipo."

"Kumekuwa na joto humu, acha tu. Shemeji yako ana haraka huyo, kanisukuma na kiwiko."

"Zimamoto wanakuja. Watakata mlango."

Kitinda alicheka kidogo, akakohoa. "Huu? Huu nimeshaugonga. Nimeupima. Chuma hiki kinahitaji mtu anayekijua, na huyo mtu yuko upande huu." Akakohoa tena. "Watakata mpaka giza liingie, kaka. Mimi na wewe tusidanganyane."

"Usiongee sana. Kaa chini. Vuta polepole."

"Nimekaa."

Miwani aliweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa cha baridi na hakikupitisha chochote. Alimwambia kuhusu nambari. Alimwambia alikuwa na mstari mmoja wa kuuliza, akaufuta kwa kumwogopa Shemeji, na kwamba ungekuwepo, sasa hivi wangekuwa wanakunywa soda. Alitaka atukanwe. Alitamani hata tusi moja.

"Sijaelewa hata neno," alisema Kitinda. "Ila dada usimwambie hivyo. Mwambie tu nilikuwa kazini."

Zimamoto walifika, wakamsogeza pembeni. Bimkubwa, aliyekuta kompyuta ya getini haipo akaifuata nakala ya akiba, alifika nayo mkononi, nywele timutimu, akapita mbio kwenda juu bila kumtazama. Polisi walifika, wakamtia pingu, lakini afande aliyekuwa mkubwa wao, baada ya kuelezwa, akaruhusu abaki na simu sikioni. Cheche ziliruka. Blade za msumeno zikaisha, wakaleta nyingine. Miwani aliendelea kuongea, habari za nyumbani, za mama, za mbwa waliyekuwa naye wakiwa wadogo. Mwanzoni alijibiwa. Baadaye alijibiwa ndiyo na mh. Baadaye hakujibiwa, na aliendelea kuongea.

SAA KUMI NA MBILI JIONI

Mlango haukukatwa. Ulifunguka wenyewe. Huko juu Bimkubwa alikuwa amemaliza kurudisha nakala, databesi ikakumbuka kila kitu chake, taa ya mlango ikawa ya kijani na mashine ya hewa ikaanza kuvuma kama siku yoyote ile. Kibanda kilikuwa kitupu. Kitinda alikuwa mlango wa ndani, amekaa, mgongo ameuegemeza. Ulipofunguka, akalala chali taratibu. Daktari wa zimamoto alipiga magoti, akahangaika naye kwa muda mrefu, kisha akatazama saa yake.

Bimkubwa alishuka, akasimama. Alivua mtandio wake, akamfunika marehemu uso.

"Wenzako," alisema afande. "Majina, na wanakoishi."

Miwani alifikiria nyumba ya dada yake, ukuta alioupaka rangi mwenyewe, wapwa zake wawili. Alifikiria kiwiko. Kisha akamwelekeza, mtaa, kona, rangi ya geti, na afande akayarudia maneno yale kwenye redio yake.

"Yupo huko sasa hivi?"

"Yupo. Anajua mimi siwezi kumtaja."

"Piga tuhakikishe. Weka sauti ya nje. Mzungushe maneno mpaka vijana wangu wafike."

Dada alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Nyie watu! Simu zenu ni za nini kama hampokei? Shemeji yako karudi peke yake, eti mko njiani. Njia gani hiyo haiishi? Chakula nimekifunika kimepoa, nimepasha, kimepoa tena."

"Tumechelewa kidogo, dada." Sauti ilikuwa yake, hakujua ilitoka wapi. "Shemeji yupo?"

"Yuko bafuni, anaimba. Leo ana furaha, sijui kaokota nini."

Afande alizungusha kidole hewani, endelea. Miwani akaendelea. Akauliza habari za watoto. Akauliza kama fundi wa bomba alikuja. Dada akamweleza yote, fundi wa bomba ni mwongo, mtoto mkubwa ameng'oka jino, na kwa mbali, nyuma ya sauti yake, mwanamume aliimba na maji yakimwagika.

"Hebu mpe Kitinda simu," dada alisema. "Nimemshonea ile suruali yake, nataka nimtanie."

Miwani alitazama mtandio ule sakafuni. "Amelala," alisema.

"Kalala wapi, kwenye gari? Mwamshe basi! Huyo mtoto naye kwa kulala..." Akakatiza. Upande wa pili wa simu mlango ulikuwa unagongwa, mara moja, mara mbili, kwa nguvu. Dada akaangua kicheko. "Ahaa! Kumbe mko hapo nje siku zote, mnanizungusha tu! Ngojeni, nakuja kuwafungulia."

Miwani alifungua mdomo. Ndala za dada zilikuwa zimeshaanza kukimbilia mlangoni.